Umeme wa Gitaa la Benedicte

Bwera, 11 Machi 2025

Baba Mudogo Sosthène,

Tunakusalimu kutoka nyumbani hapa Bwera, mimi na Mama. Sisi ni wazima. Mama bado anauza vitenge sokoni Mpondwe, ila goti lake la kulia linamsumbua mvua ikinyesha, na mwezi huu mvua haitaki kupumzika. Bibi ametuma habari kutoka Butembo. Anakula vizuri, anasikia vibaya, na anauliza kwa nini mtoto wake wa mwisho hampigii simu. Huyo mtoto wa mwisho ni wewe. Nilimjibu kwamba una kazi nyingi.

Mimi mwenyewe nimekupigia tangu Noeli. Simu inaita mpaka inachoka. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Magidu, dereva wa gari la abiria la Bwera na Kasese, amekubali kukuletea barua hii. Anasema anakijua kibanda chako cha ufundi, uliwahi kumtengenezea redio ya gari.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kurudi kupiga gitaa kanisani na kwaya imekubali. Pedali zangu, vile visanduku vya mguuni vya kubadilisha sauti ya gitaa, ni nne: ya kutunia nyuzi, ya kukwaruza sauti, ya korasi, na moja mpya ya mwangwi. Zote zinataka volti tisa. Mpaka sasa nazilisha kwa adapta moja yenye waya wa mikia mitano, kama zamani, na gitaa linavuma kama nyuki ndani ya debe. Ni mvumo uleule wa siku ya ajali. Nasikia Kampala wanauza masanduku ya umeme wa pedali ya kila aina, mazito, mepesi, na mengine ya betri. Mimi sijui la kuchukua wala la kuacha. Wewe ndiye fundi. Niambie.

Na sijakushukuru ipasavyo kwa siku ya Kristo Mfalme, Novemba iliyopita. Watu hapa bado wanasimulia jinsi ulivyoruka benchi na kung'oa waya mimi nikiwa nimegandishwa na umeme, gitaa mkononi. Padri alisema kwenye mahubiri kwamba bila wewe ningezikwa wiki hiyo. Mimi nakumbuka ladha ya chuma mdomoni tu, basi. Lakini najua ni wewe, na kwa hiyo umeme wa pedali zangu sitaki uchaguliwe na mtu mwingine.

Kidonda cha mdomo kimepona. Mkono uko sawa.

Ni mimi mtoto wako,
Benedicte


Kasese, 2 Aprili 2025

Mwanangu Benedicte,

Barua yako ilinifikia siku ileile uliyoiandika. Magidu hakuchelewa, aliyechelewa ni mimi. Nilikuwa naiweka chini ya mita ya kupimia umeme, naitoa, naisoma, nairudisha.

Mpe shemeji yangu Emérance salamu, na umwambie goti alifunge kwa kitambaa cha moto jioni. Kasese joto ni lilelile. Wakulima wa Karusandara wananiletea betri za sola zilizokufa na wote wanataka zifufuke kabla ya Ijumaa. Nakula vizuri. Bibi nitampigia.

Kuhusu umeme. Geuza kila pedali, chini yake utakuta maandishi madogo. Volti ni tisa, hilo unalijua, lakini angalia pia mchoro wa ncha. Nyingi zinataka hasi iwe katikati, na ukigeuza unaweza kuiua pedali bila kusikia hata mlio. Halafu soma miliampea, yaani kiasi cha umeme inachokula. Ya kukwaruza hula kumi tu, korasi labda thelathini, ya kutunia arobaini au hamsini. Ya mwangwi ndiyo mlafi, inaweza kutaka mia mbili na zaidi, na ukiichomeka kwenye tundu la mia moja itakuzimikia katikati ya wimbo. Tundu likiwa na nguvu kuliko pedali inavyohitaji si tatizo, pedali huchukua kiasi chake. Volti ndizo zisizidi.

Ule mvumo unatokana na kuzilisha zote kwa adapta moja. Zinashiriki njia moja ya umeme kurudi, na uchafu wa moja unapita kwa nyingine. Dawa yake ni sanduku ambalo kila tundu limetengwa na mengine. Wauzaji wengine huandika kwamba yametengwa, na ndani yote yamefungwa pamoja. Beba mita, gusa ganda la tundu moja na la jirani yake. Mita ikilia, rudisha kitu chao.

Mimi ningekushauri uchukue la betri. Unalichaji nyumbani, unaenda nalo kanisani, halihusiani na ukuta wala jenereta. Ni salama.

Pasaka sitaweza kuja. Kazi.

Hizo sifa za kuruka benchi usinipe. Yeyote aliyekuwa karibu angeng'oa.

Baba yako mdogo,
Sosthène


Bwera, 14 Aprili 2025

Baba Mudogo,

Amani kwako katika wiki hii kubwa. Mama amefunga goti kama ulivyosema, na anasema joto la kitambaa linamsaidia kuliko vidonge. Jana Jumapili ya Matawi kanisa lilijaa mpaka nje. Watu wengi wapya wamevuka kutoka upande wa Beni mwezi huu, na kwaya imepata sauti nne nzuri za besi.

Nimepima kama ulivyoelekeza. Mwangwi wangu unakula mia mbili na hamsini. La betri nimelifikiria na silitaki. Umeme wa hapa unaweza kukatika siku tatu, nitalichaji wapi? Na misa yetu unaijua, haiishi. Nataka la kuchomeka ukutani, lenye transfoma ya kweli.

Kuna jambo lingine. Unamkumbuka Siraj, mwenye jenereta tuliyokodi siku ya Kristo Mfalme. Tangu siku ile hakuna anayemkodi, si kanisani, si kwenye arusi. Watu wanasema jenereta yake ilitema umeme mwingi kupita kiasi na kwamba aliijua mbovu akaileta. Wengine wanaongeza maneno mabaya, kwamba ni Mwislamu, kanisa si lake, angejali nini. Ameiuza. Sasa anafuata samaki ziwani Hamukungu kwa pikipiki na kuwauza huku. Mke wake, Kulusum, alikuwa na meza karibu na ya Mama sokoni kwa miaka tisa. Mama alimwambia neno siku nilipokuwa hospitali, neno gani hataki kuniambia, na Kulusum alihamisha meza yake mpaka mwisho wa soko. Wakikutana njiani kila mmoja anaangalia upande wake.

Nataka kukuuliza wewe kwa sababu ulikuwepo na unaelewa. Jenereta inaweza kweli kumfanyia mtu vile? Mama ana hakika. Mimi sina.

Ningefurahi kukuona Pasaka. Sahani yako itakuwepo, ukibadilisha mawazo.

Benedicte


Kasese, 9 Mei 2025

Mwanangu,

Mto Nyamwamba ulifurika, maji yalifika nyuma ya kibanda changu na nilipoteza wiki mbili kukausha vitu vya watu. Hiyo ni sababu ya kweli ya kuchelewa, ila si sababu pekee. Namshukuru Mungu wewe na mama yako mko salama. Bibi nilimpigia. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama nimeoa.

Basi chukua la transfoma. Tafuta lenye matundu sita, mawili kati yake yawe na nguvu ya mia tatu au zaidi kwa ajili ya mwangwi. Litakuwa zito kama tofali, na hiyo ni dalili nzuri. Ama usinunue kabisa. Nina transfoma nzuri hapa, nimeanza kukutengenezea mwenyewe. Ningependa uchukue kilichotoka mkononi mwangu.

Lakini na mimi nina swali. Mwangwi wa nini mrefu hivyo? Zamani ulikuwa huwezi kuuvumilia. Ulisema sebene, lile gitaa la kasi la Kikongo, inataka vidole, haitaki ukungu.

Kuhusu jenereta, ni kitu kigumu kueleza kwa barua. Inaweza kuwa hivi, inaweza kuwa vile. Siraj ni mtu mzima, atapata kazi nyingine. Yaliyopita tuyaache yapite.

Sosthène


Bwera, 27 Mei 2025

Baba Mudogo,

Salamu za nyumbani. Mama anakuuliza kama kibanda kimekauka au kimeenda na maji. Nilimwambia unatania kuliko yeye. Sisi ni wazima.

Umeniuliza swali la mwangwi, nami nilikudanganya kwenye barua ya kwanza, kwa hiyo ngoja nijibu yote pamoja. Mkono hauko sawa. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vimekufa. Vimejikunja ndani, havisikii moto wala sindano. Daktari alisema nivipe mwaka, lakini aliponiambia hivyo alikuwa anaangalia karatasi yake. Sikutaka ujue kwa sababu uliniokoa, na mtu aliyekuokoa humletei malalamiko.

Kwa hiyo napiga kwa vidole viwili. Noti ambazo sizifikii najaziwa na mwangwi. Nimejifunza kuupangia wakati: napiga moja, mwangwi unairudia, na mimi nakwenda kutafuta ya pili. Kwa mbali unaweza kudhani ni gitaa zima. Ila mwangwi unarudia pia mvumo, ndiyo maana nahitaji umeme msafi.

La kutengeneza mwenyewe litachukua muda, na mimi siwezi kungoja. Nimemwagiza Magidu aniletee moja kutoka Kampala, litafika mwezi ujao. Kwa Pentekoste nitapiga na adapta ya zamani, livume tu. Amplifaya ni ileile, kwaya haina nyingine. Jenereta hatuhitaji, kanisani kuna umeme siku hizi.

Na nikuambie kitu cha kijinga. Ile ekstensheni yako nyekundu, ule waya mrefu wa umeme ulioung'oa siku ile, niliiomba kwa kwaya nikaiweka chini ya kitanda changu. Nilipoogopa nilikuwa naishika. Pentekoste nitaitumia hiyohiyo, nijue kwamba upo pale.

Kuna mazoezi Jumamosi. Niombee.

Benedicte


Kasese, 12 Juni 2025

Benedicte,

Sijui kama utaisoma hii. Magidu nimemwomba akukabidhi mkononi.

Jumapili ya Pentekoste uliondoka kabla sijamaliza, na ulikuwa na haki. Nakuandikia hapa yale ambayo mbele ya kwaya sikuyafikisha mwisho.

Barua yako ilikaa siku kumi kwenye gari la Magidu kwa sababu alilazwa na malaria. Niliipata Jumamosi saa tisa mchana. Nilipofika pale ulipotaja ekstensheni nyekundu niliacha kusoma. Nilikupigia, simu yako ilikuwa imezimwa. Nilimpigia mama yako. Akapokea kwa furaha, "Sosthène, tuko bote muzima, na wewe?" na mimi, badala ya kusema, nikamuuliza goti. Nikamwambia akueleze usichomeke kitu chochote mpaka nifike. Akauliza kwa nini. Nikasema nakuja kuangalia tu. Hata saa ile, Benedicte, na uhai wako ukiwa juu ya meza, nilisema nakuja kuangalia tu.

Usingizi sikuupata. Niliondoka na gari la kwanza. Nilipoingia kanisani uliniona ukacheka, gitaa begani, na nikaona waya mwekundu umeshalala sakafuni hadi ukutani. Ndiyo maana niliung'oa kwa nguvu vile bila kukusalimia. Nilifungua plagi kwa bisibisi mbele yenu kwa sababu nilijijua: nikitaka faragha kwanza nitapata tena njia ya kunyamaza. Mliona wote waya wa kijani umekatwa mfupi na kuzungushiwa utepe mweusi. Utepe ni wangu. Nikasema, "Huu waya nilikata mimi." Ukaniuliza lini. Nikasema siku ya Kristo Mfalme, asubuhi. Ukaweka gitaa chini ukatoka.

Sasa yaliyobaki. Miezi miwili kabla ya sikukuu ile niliwaahidi sanduku la matundu yaliyotengwa, nilitengeneze kwa mikono yangu. Sikulimaliza. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Nilikuja Bwera mikono mitupu, na gitaa likavuma mbele ya watu wote. Padri aligeuka kuangalia. Mwalimu wa kwaya akasema, fundi wa Kasese tunaye, atalimaliza. Mimi nilijua njia ya haraka. Ukikata waya wa ardhi, ule wa kijani, mvumo unanyamaza. Najua pia, na kila fundi anajua, kwamba ule waya umewekwa pale kwa ajili ya mtu, haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Amplifaya ile ni ya zamani, ndani inavuja. Umeme uliovuja ulikuwa unashuka ardhini kwa waya wa kijani. Nilipoukata, ukabaki unasubiri kwenye nyuzi zako. Ulipoweka mdomo kwenye maiki ukapata njia. Jenereta ya Siraj haikuhusika kabisa.

Nilikata, mvumo ukaisha, mkanipigia makofi. Yalinipendeza. Dakika ishirini baadaye ulianguka.

Niliruka benchi kwa sababu nilikuwa mtu pekee pale aliyejua ni waya upi. Watu waliponiita mwokozi nilifikiri nitasema kesho. Kesho yake ulikuwa hospitali na nikafikiri nitasema akipona. Kisha wakaanza kumtaja Siraj, na nikaona kwamba nikinyamaza tu, bila hata kudanganya, jambo litakaa juu yake. Ulipouliza kuhusu jenereta nilikuandikia inaweza kuwa hivi, inaweza kuwa vile. Huo ndio uongo wangu ulioandikwa, uko kwako, unaweza kumwonyesha mtu yeyote.

Vidole vyako sikuvijua. Sitaandika kitu juu ya vidole vyako.

Sosthène


Kasese, 6 Julai 2025

Benedicte,

Sikudai jibu. Nakuarifu tu kwa sababu jambo hili linakuhusu.

Nilimtafuta Siraj. Nyumbani kwake Bwera niliogopa kukutana na Kulusum, kwa hiyo nilimngoja kwenye njia panda ya Hamukungu, anapopita na samaki wake. Alinitambua, akasimamisha pikipiki. Nilimweleza yote pale pale barabarani, magari yakipita. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifunga upya kamba ya boksi lake, kisha akasema, "Ungekuja niambia mimi siku ile. Mimi naweza beba na wewe. Sasa nimebeba peke yangu, na wewe iko Kasese natengeneza redio."

Nilimwambia niko tayari kusimama popote atakapo niseme. Akasema yeye hataki kunisikia tena, wa kusikia ni wale waliomfukuza, na mke wake si mimi nitakayemwambia, ni Emérance, mama yako. Hapo aliwasha pikipiki akaenda.

Nimemwandikia padri na mwalimu wa kwaya, karatasi mbili, jina langu chini. Nimewaomba wasome mbele ya watu, siku wanayotaka, nikiwepo au nisipokuwepo.

Sanduku la umeme nimelimaliza. Liko hapa. Nalipima kila asubuhi na halina kosa lolote.

Sosthène


Bwera, 18 Agosti 2025

Baba Mudogo,

Bado nakuita hivyo. Nilijaribu wiki kadhaa kukuita jina tu, Mama akanikataza, akasema hasira yangu isiguse kaburi la Baba, kwamba wewe ni damu yake.

Mama mzima, mimi mzima. Bibi ameshaambiwa. Alisema wewe tangu utotoni ukivunja kitu ulikuwa unakwenda kulala njaa bila kuitwa na mtu.

Barua yako kwa padri ilisomwa kanisani Jumapili ya mwisho ya Julai. Padri aliisoma yote, akakwama kidogo pale ulipoandika makofi yalikupendeza. Baada ya misa watu walitoka bila kelele za kawaida. Jumanne Mama alikwenda mpaka mwisho wa soko akasimama mbele ya meza ya Kulusum. Alisimama muda mrefu kwa goti lile bovu. Wateja walikuja, wakanunua, wakaenda. Mwishowe Kulusum akamwambia, "Kiti iko." Mama akakaa. Kesho yake walizungumza. Lile neno alilomwambia nikiwa hospitali ameniambia sasa, na sitakuandikia.

Sanduku lako silitaki. Najua utakuwa umelitengeneza vizuri, na sisemi hivi kukuumiza. Sitaki tu kuweka mguu juu ya kitu ulichokifunga wewe nikiwa sioni ndani. Labda siku moja. Lile la Kampala limefika, zito kama tofali, matundu sita. Nilipima ganda kwa ganda kama ulivyonifundisha na mita haikulia. Siraj alikuja mwenyewe kanisani na nondo ya futi nne, akaigongomea ardhini nyuma ya sakristia kwa nyundo, akavuta waya mpya wa ardhi, akabadilisha kila plagi. Amplifaya aliifungua akaiziba pale inapovuja. Nilipomshukuru alisema kazi ya umeme ameifanya, mambo mengine tutazungumza siku nyingine. Wiki iliyofuata arusi mbili zilimwita. Jenereta hana, anakodi ya mtu.

Niliwasha. Nilidhani hakuna umeme, kwa sababu hakukuwa na sauti yoyote. Kisha niligusa uzi na noti ikatoka peke yake, safi, mwangwi ukairudisha safi vilevile. Nililia kidogo. Mwalimu wa kwaya alijifanya anatafuta karatasi.

Lakini siwezi kuimba. Nikishika nyuzi na kusogeza uso kwenye maiki, shingo inakataa. Siraj amenionyesha kwa mita, kati ya nyuzi na maiki namba ni sifuri. Nasoma sifuri kwa macho yangu na shingo bado inakataa. Nimejaribu Jumapili tatu. Nikiwa na gitaa mdomo unabaki mbali, nikiweka gitaa chini naimba vizuri. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili, wewe ndiye uliyenifundisha.

Mama aliniuliza jana nataka nini kwako. Jibu nimelipata leo asubuhi, na nimekaa kuandika kabla halijanitoka. Msamaha usiniombe sasa, sijaufikia. Nataka uje Jumapili, tarehe ishirini na nne, saa moja asubuhi, kabla ya watu. Nitachomeka mwenyewe, nitawasha mwenyewe. Utashika nyuzi za gitaa langu kwa mkono wa kushoto, zote, na utaweka mdomo kwenye maiki, na utasema jina lako. Mimi nitakuwa nimekaa benchi la kwanza nakuangalia. Ukimaliza utanipa gitaa na utakaa nyuma.

Utafanya hivyo kila Jumapili mpaka mimi niseme basi.

Magidu ana nafasi ya mbele. Nimemwambia akuwekee.

Benedicte